Kipimo cha damu kimetoka safi, tumbo bado linauma: protini za kongosho zinatwambia nini

Barazani Mji Mkongwe, au kwenye benchi la kusubiria daktari Chake Chake, lalamiko hili husikika mara kwa mara: "Nimepimwa damu, nimeambiwa kongosho liko salama. Sasa haya maumivu yanatoka wapi?" Aliye karibu hujibu kuwa ni vidonda vya tumbo. Mwengine husema ni gesi tu, punguza maharage. Wa tatu keshatumiwa kwenye WhatsApp tangazo la dawa ya "kusafisha kongosho" na anataka kujua kama kweli inafaa. Siku hizi limeongezeka jambo jengine la kuchanganya: habari kwamba kuna vipimo vya protini za kongosho ambavyo havichukuliwi kwenye damu, bali kwenye majimaji ya tumboni au kwenye choo kikubwa. Wapo wanaoona ni utapeli wa kutafutia pesa, na wapo wanaoamini kuwa hicho ndicho kipimo kitakachomaliza ubishi wote.

Ninaandika kwa sababu kuna wagonjwa wanaoteseka katikati ya dhana hizo mbili. Kila aina ya majimaji ya mwilini ina swali lake inaloweza kulijibu kuhusu kongosho. Mgonjwa aliyepewa jibu la swali jengine hurudi nyumbani na karatasi safi mkononi na maradhi yale yale tumboni.

Kiungo kilichojificha nyuma

Tuanze na kongosho lenyewe, maana wengi hulichanganya na bandama. Bandama ni kiungo cha damu, hukaa upande wa kushoto chini ya mbavu, na ndicho kiungo kinachovimba kwa mtu aliyeuguaugua malaria. Kongosho liko mahali pengine kabisa. Limelala nyuma ya mfuko wa chakula, karibu na uti wa mgongo, na kwa mtu mzima lina urefu wa kama sentimita 15. Kule kukaa nyuma ndiko kunakoyafanya maumivu yake yaanzie chini ya kifua yakatokee mgongoni, na ndiyo sababu mgonjwa mara nyingi hupata nafuu kidogo akikaa na kuinama mbele.

Kongosho lina kazi mbili. Ya kwanza inajulikana na kila mwenye mzee wa sukari nyumbani: hutoa insulini na kuiingiza moja kwa moja kwenye damu. Ya pili husemwa kidogo mno, nayo ndiyo kiini cha makala haya. Kila siku kongosho hutengeneza majimaji ya kusagia chakula, kama lita moja na nusu, yakapita kwenye mfereji mwembamba hadi mwanzo wa utumbo mwembamba. Ndani yake mna bikaboneti, chumvi ya jamii ya magadi inayopoza ukali wa tindikali itokayo tumboni, na mna vimeng'enya. Amilesi husaga wanga, yaani wali, muhogo na boflo. Lipesi husaga mafuta, pamoja na tui la nazi. Tripsini na elastesi husaga samaki, nyama na maharage.

Vimeng'enya hivyo vyote ni protini. Kwa hiyo mtu akisikia "protini za kongosho" asidhani ni habari ya kula mayai na dagaa. Ni protini ambazo kongosho lenyewe limeziunda, ama kwa ajili ya kazi yake ya kila siku, ama kwa sababu limeumia. Protini ikiwa wingi wake au uchache wake unatupa habari ya jambo tusiloweza kuliona kwa macho, tunaiita kiashiria. Kina mama wengi wameshakitumia kiashiria cha protini bila ya kukiita hivyo: kile kijiti cha kupimia mimba cha duka la dawa hutafuta kwenye mkojo homoni ambayo nayo ni ya jamii ya protini.

Sasa maradhi yenyewe. Kongosho likiumia kwa ghafla, maumivu huja kwa kishindo, mtu hutapika, akapelekwa hospitali usiku huo huo. Hayo ni maradhi ya ghafla. Maradhi sugu ni kitu chengine. Kongosho huvimba kidogo kidogo kwa miaka, na kila sehemu inayoharibika hugeuka kovu. Mifereji yake husinyaa pahala pamoja na kutanuka pengine, na kwa baadhi ya wagonjwa hujaa vijiwe vya chokaa. Kovu halirudi kuwa kongosho tena.

Mtu anaweza kuuliza: vimeng'enya vinavyosaga nyama, kwa nini havilisagi kongosho lenyewe, na lenyewe ni nyama? Swali hilo lina maana kubwa. Tripsini hutoka kwenye kongosho ikiwa imelala. Huamshwa ikishafika utumboni, na kimeng'enya kinachotolewa na ukuta wa utumbo. Ikiamka mapema, ingali ndani, huanza kula nyumba yake. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani waligundua kuwa katika koo ambazo maradhi haya hurithiwa, kuna kosa kwenye jeni (maagizo ya kurithi yaliyomo ndani ya seli) inayounda tripsini, na kosa hilo huifanya iwe ngumu kuzimwa inapoamka pasipo mahala pake. Ugunduzi huo ulithibitisha kwamba mtu anaweza kuupata ugonjwa sugu wa kongosho tangu utotoni, bila ya kufanya kosa lolote.

Kwa nini damu hudanganya

Fikiria harusi, na mapishi yako uani. Mtu aliye nje ya ua akitaka kujua kama kazi inakwenda vyema ana mambo matatu ya kutazama. Anaweza kutazama moshi unaopanda juu ya ukuta. Anaweza kuomba aingie afunue sufuria. Au anaweza kusubiri masahani yakirudi, aone chakula kimelika vipi. Damu ni moshi. Majimaji ya kongosho ni sufuria. Choo ni masahani.

Kongosho likiumia ghafla, seli zake hupasuka, na amilesi na lipesi zilizokuwemo ndani humwagika kwenye damu. Daktari hutarajia kuziona zimepanda angalau mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida. Huo ni moshi mzito wa jiko linaloungua, kila mtu anauona. Kwa kazi hiyo kipimo cha damu ni kizuri na cha haraka.

Kwenye maradhi sugu mambo hugeuka. Seli zinazotoa vimeng'enya zimekwishakufa moja baada ya nyengine, wapishi wamebaki wachache, na hata jiko likipata hitilafu hakuna cha kuungua. Moshi haupandi. Aliye nje ya ua akitazama tu juu ya ukuta hawezi kujua kama mapishi yanakwenda salama au hakuna anayepika. Ndiyo maana mtu mwenye kongosho lililoharibika vibaya anaweza kupimwa amilesi na lipesi zikatoka za kawaida kabisa, au hata chini ya kawaida. Karatasi ile haikusema uongo. Ilijibu swali la kama kuna moto leo, na mgonjwa akaisoma kana kwamba imejibu swali la kama kongosho lake ni zima.

Kuna na upande wa pili. Amilesi haitoki kwenye kongosho tu; tezi za mate nazo huitoa kwa wingi. Mtoto mwenye matubwitubwi anaweza kuwa na amilesi iliyopanda kwenye damu huku kongosho lake likiwa halina tatizo.

Kulifunua sufuria

Wazo la kuyachukua majimaji ya kongosho lenyewe si la jana. Mwaka 1902, mjini London, William Bayliss na Ernest Starling waligundua kwamba utumbo ukiguswa na tindikali hutoa homoni inayosafiri kwa damu na kuliamrisha kongosho limwage majimaji. Waliiita sekretini. Hadi leo ndiyo inayotumika katika kipimo hicho.

Namna inavyofanyika ni hivi. Mgonjwa huja asubuhi tumbo likiwa tupu. Hupewa dawa ya kumsinziisha, kisha mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa mdomoni, ukashuka kupitia mfuko wa chakula mpaka mwanzo wa utumbo mwembamba, karibu na tundu ambalo kongosho na nyongo hutolea majimaji yao. Tindikali ya tumboni huvutwa kwanza itoke, isije ikaharibu hesabu. Sekretini hudungwa kwenye mshipa wa damu. Baada ya dakika 15 hufyonzwa majimaji kidogo, na tena baada ya dakika 30, 45 na 60. Yanaweza kuja yakiwa na unjano wa nyongo ndani yake. Kila chupa hufungwa na kuwekwa papo hapo kwenye barafu.

Barafu hiyo ina sababu yake. Tripsini ikishafika utumboni imeamka, na ndani ya chupa huendelea na kazi yake ya kusaga protini, zikiwemo zile zile tunazotaka kuzipima. Chupa ikiachwa mezani kwenye joto kama la Unguja mwezi wa Februari, itakapofika kwenye mashine protini nyingi zitakuwa zimeshatafunwa. Baadhi ya maabara huongeza na dawa za kuzuia vimeng'enya.

Kitu cha kwanza kinachopimwa humo wala si protini. Ni bikaboneti. Ikiwa chupa zote zimetoka na chini ya milimoli 80 kwa lita, kongosho halimwagi majimaji yake ipasavyo. Kipimo hiki huweza kugundua udhaifu mapema kuliko kipimo cha choo, na ndiyo sababu madaktari wanakiheshimu. Ila ni kirefu, kinamtaabisha mgonjwa, kinahitaji mtaalamu na sekretini yenyewe ni ghali, kwa hiyo hata katika nchi tajiri ni hospitali chache zinazokifanya.

Protini ndizo zinazotafutwa kwa jicho la kesho. Watafiti wa Marseille, Ufaransa, waliripoti mwaka 1974 kuwa majimaji ya wagonjwa wa kongosho sugu lenye vijiwe yana protini ya ziada, wakaitambua kuwa ni laktoferini. Hii ni protini inayoshika madini ya chuma, na hupatikana pia kwenye machozi na maziwa ya mama. Kongosho zima hutoa kidogo tu. Lililo na maradhi sugu huongeza. Mjini humo humo, mwishoni mwa miaka ya 1970, ilipatikana protini nyengine ndani ya vijiwe vyenyewe. Ilidhaniwa kuwa kazi yake ni kuzuia chokaa isigande, na kwamba mtu anapopungukiwa nayo ndipo vijiwe vinapojijenga. Maelezo hayo yalipendeza sana, lakini uchunguzi uliofuata haukuyaunga mkono wote, na wanasayansi bado wanabishana juu ya kazi yake halisi.

Baadaye zikaja mashine zinazopima uzito wa vipande vya protini. Badala ya kutafuta protini moja unayoijua, mashine huorodhesha kila kilichomo. Watafiti wa Boston, mnamo mwaka 2010 na miaka iliyofuata, waliyapitisha majimaji yaliyochukuliwa kwa njia niliyoieleza hapo juu, wakakuta protini kwa mamia katika sampuli ya mtu mmoja. Baadhi zilionekana kwa wagonjwa tu, baadhi kwa wazima tu.

Hapa ndipo vichwa vya habari vinapokimbilia kusema "kipimo kipya kimepatikana", na hapa ndipo pa kutuliza pumzi. Majimaji yale si ya kongosho peke yake. Yamechanganyika na nyongo, ute wa utumbo na hata mate yaliyomezwa. Tafiti nyingi zina wagonjwa wachache. Kumpata mtu mzima wa afya akubali kupitishwa mpira mdomoni ili alinganishwe na mgonjwa ni kazi, kwa hiyo mara nyingi "wazima" wanaolinganishwa ni watu waliokuja kwa sababu ya maumivu ya tumbo mengine. Orodha ya utafiti mmoja haifanani sana na ya mwengine. Tena protini zinazopanda kwa sababu ya uvimbe wa muda mrefu ni jamaa wa zile zinazopanda kwa saratani, na kuyatenganisha maradhi hayo mawili ndiko daktari anakokutaka zaidi.

Kwa hiyo protini za kwenye majimaji ya kongosho zimetufundisha mengi kuhusu namna maradhi yanavyokwenda, lakini hakuna hata moja iliyokubaliwa kuwa peke yake inatosha kumwambia mtu kuwa ana maradhi sugu ya kongosho yakiwa bado machanga. Anayeuza kipimo kwa ahadi hiyo anaahidi kisichokuwepo. Na wanaotafiti bado wana sababu nzuri ya kuendelea: vijiwe na makovu vinapoonekana kwenye picha, sehemu kubwa ya kongosho imeshakwenda.

Masahani yaliyorudi

Kipimo cha protini ambacho kimeshatoka kwenye utafiti na kuingia kwenye matibabu ya kila siku ni cha elastesi kwenye choo kikubwa. Kati ya vimeng'enya vya kongosho, elastesi ina sifa moja kubwa: hupita utumbo mzima bila ya kuharibika sana. Kinachotoka kinatupa habari ya kilichoingia.

Wazee wa Pemba si wageni wa kutoa sampuli ya choo. Watoto wa skuli wamepimwa minyoo kwa miaka mingi, na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyopo Chake Chake imejulikana kwa kazi ya minyoo na kichocho tangu mwaka 2000. Lakini mazoea hayo yameleta na kutoelewana. Mtu akiambiwa akapime elastesi hujibu: "Choo nimeshapima, sina minyoo." Sicho kipimo hicho. Anayetafuta minyoo hutazama mayai kwa darubini. Elastesi haionekani kwa darubini yoyote ya kawaida. Mpimaji huchukua kiasi kidogo cha choo, akakikoroga kwenye maji maalumu, akayatia kwenye kisahani chenye vishimo vilivyopakwa kingamwili zinazoikamata elastesi ya binadamu peke yake. Kisha hutiwa dawa ya rangi. Rangi ikikoza, elastesi ni nyingi. Ikipauka, ni chache. (Minyoo mikubwa, kwa kuwa tumeitaja, nayo imewahi kuingia kwenye mfereji wa kongosho na kusababisha maumivu ya ghafla, lakini hilo si maradhi sugu tunayoyazungumza.)

Majibu husomwa kwa mikrogramu kwa kila gramu ya choo. Zaidi ya 200 ni kawaida. Chini ya 100 inaashiria upungufu mkubwa. Kati ya 100 na 200 ni pahala pa mashaka, na mara nyingi kipimo hurudiwa.

Mitego iko miwili, na yote miwili imeshawapotosha watu. Wa kwanza ni choo cha maji. Mtu anayeharisha ana maji mengi kwenye sampuli, elastesi ile ile imetawanyika, na jibu huja chini hata kama kongosho lake ni zima. Sampuli inatakiwa iwe ya choo kilichoshikana, isichanganyike na mkojo wala maji ya kutawadhia. Maabara ikipokea choo cha maji na kutoa jibu bila ya kusema neno, daktari ana haki ya kuomba sampuli nyengine. Zaidi ya hayo, maradhi ya utumbo wenyewe huweza kuishusha elastesi, na hata baadhi ya wenye kisukari cha kawaida huonekana na kiwango cha chini. Jibu la chini linasema kwamba vimeng'enya havifiki vya kutosha. Halisemi kwa nini.

Mtego wa pili ni jibu zuri. Kongosho lina akiba kubwa. Mwaka 1973 madaktari wa Marekani walionesha kwamba mafuta hayaanzi kuonekana kwenye choo mpaka uwezo wa kutoa lipesi umepungua kwa zaidi ya asilimia 90. Elastesi hushuka mapema kuliko hapo, lakini katika hatua za mwanzo za maradhi bado inaweza kuwa juu ya 200. Mgonjwa mwenye maumivu ya miaka, elastesi 260, hajaambiwa kuwa hana maradhi sugu ya kongosho. Ameambiwa kuwa chakula chake bado kinasagika.

Faida ya kipimo hiki kwa visiwa vyetu ni kwamba elastesi huvumilia. Sampuli hukaa siku kadhaa bila ya kuharibika, kwa hiyo hata inapochukuliwa Mkoani au Micheweni inaweza kusafirishwa kwa boti hadi kwenye maabara inayopima, jambo ambalo majimaji yale ya kwenye barafu hayaliwezi kirahisi.

Na tuseme wazi kuhusu choo chenyewe, maana hatukulelewa kuyazungumza haya, na choo cha shimo hakimwoneshi mtu kitu. Choo chenye mafuta yasiyosagika huwa kingi, cha rangi ya kupauka, kinang'aa, kinaelea, kinanuka kuliko kawaida, na ukimwaga maji hakiondoki. Mtu hukonda huku anakula. Macho huanza kuona vibaya usiku kwa kukosa vitamini A, mifupa ikadhoofika kwa kukosa vitamini D. Jirani anasema ni husda, mwengine anadhani ni Ukimwi. Wapo waliozungushwa kwa waganga wakati swali moja tu la daktari, "choo chako kinaelea?", lingefungua njia.

Aibu ya pombe na kesi ya muhogo

Hapa kwetu neno kongosho lina mzigo mwengine. Mtu amesoma mtandaoni kwamba pombe huharibu kongosho, na ni kweli: Ulaya na Marekani pombe ndiyo sababu kubwa ya maradhi sugu. Sasa mzee anayeswali sala tano akiambiwa ana kongosho sugu, familia huanza kunong'ona. Nimechukizwa sana na dhulma hii. Maradhi haya hutokana pia na sigara, hata kwa asiyewahi kuonja pombe. Na makosa ya kurithi kwenye jeni. Na kinga ya mwili kulishambulia kongosho. Na mafuta au kalsiamu kuzidi mno kwenye damu. Na mfereji kuzibwa. Kwa wagonjwa wengi sababu haijulikani hata baada ya kupimwa kila kitu. Daktari huuliza habari ya pombe na tumbaku kwa kila mtu, na kuulizwa si kutuhumiwa. Anayevuta aache, kwa sababu sigara huliharakisha kovu.

Kuna na aina inayowapata vijana wa nchi za joto, wembamba, wenye vijiwe vikubwa kwenye mifereji na kisukari kabla ya kufika miaka 30. Daktari P. J. Zuidema aliieleza mwaka 1959 kutoka Indonesia, kwa wagonjwa masikini waliokuwa wakila muhogo kwa wingi, na jimbo la Kerala nchini India nako likajulikana kwa maradhi hayo. Muhogo ukashukiwa kwa sababu ya sumu ya sianidi iliyomo. Huku kwetu, ambako futari bila ya muhogo wa nazi haijakamilika, habari hiyo ikifika hutisha. Lakini kesi haikusimama. Maradhi yale yale yalionekana kwa watu wasiokula muhogo, na wapo wanaoula kila siku bila ya kuyapata. Baadaye watafiti wakakuta kwa wagonjwa wengi wa India kosa kwenye jeni ya protini inayoizuia tripsini. Muhogo mchungu usioandaliwa vyema una hatari yake ya kweli, na Tarime waliiona mwaka 1985 watu walipopooza miguu kwa konzo. Hayo ni maradhi ya mishipa ya fahamu. Muhogo uliopikwa vizuri kwenye sufuria yako hauna hatia iliyothibitishwa juu ya kongosho.

Ama "dawa za kusafisha kongosho", sijui waungwana hao wanasafisha nini. Kiungo kinachomwaga lita moja na nusu nje kila siku hakina taka iliyolala ndani. Chenye kovu kina kovu, na hakuna chai inayoliondoa.

Jibu likishapatikana

Hakuna daktari makini anayethibitisha maradhi sugu ya kongosho kwa namba moja. Huweka pamoja maelezo ya mgonjwa, kipimo cha kazi ya kongosho na picha. Vijiwe vya chokaa wakati mwengine huonekana kwenye eksirei ya kawaida ya tumbo au kwenye altrasaundi, vitu ambavyo hospitali zetu zinavyo. Hizo zisipotosheleza, hutakiwa picha za mashine za CT au MRI, au kamera ya ndani yenye altrasaundi. Na sukari ipimwe, kwa sababu kisukari kinachotokana na kongosho kuharibika kina tabia yake: kongosho limepoteza pia homoni inayoinua sukari, kwa hiyo anayetumia insulini anaweza kushuka ghafla. Mtu kama huyo akifunga Ramadhani bila ya ushauri wa daktari anajihatarisha.

Upungufu wa vimeng'enya hutibiwa kwa vidonge vyenye vimeng'enya. Hapa pana jambo ambalo wagonjwa wa Kizanzibari wana haki ya kuambiwa mapema, si kuligundua kwenye karatasi ya dawa: karibu vyote hutengenezwa kutokana na kongosho la nguruwe. Suala la dharura katika fiqhi linajulikana kwa masheikh wetu, na mgonjwa amuulize anayemwamini huku akiwa na maelezo ya daktari kuhusu hali yake, asiamue kimya kimya kuviacha kabatini. Wapo walioviacha hivyo wakazidi kukonda, na daktari akidhani dawa imeshindwa.

Vidonge hivi humezwa pamoja na chakula, tangu tonge za mwanzo, na kama ni vingi hugawanywa katikati ya mlo. Ukivimeza saa moja baada ya kula, chakula kimekwishapita. Mlo wenye mafuta zaidi, kama pilau au wali wa nazi, unaweza kuhitaji vidonge zaidi kuliko kikombe cha chai na mkate. Daktari ndiye atakayekupangia.

Na wengi huuliza kama waache vidonge kabla ya kupima elastesi, au kama wapime tena baada ya miezi mitatu waone dawa imefanya kazi. Hakuna haja ya kuviacha, kwa sababu kingamwili za kipimo huikamata elastesi ya binadamu, ya nguruwe haziioni. Kwa sababu hiyo hiyo, kupima tena hakutaonesha kama vidonge vinafaa: namba itabaki chini ile ile hata mgonjwa akipona tumbo, maana inapima kongosho lake, haipimi dawa. Dawa hupimwa kwa mizani ya kliniki kila mwezi, kwa choo kilichoacha kuelea, na kwa vitamini zilizopanda kwenye damu.